Kufaulu na Kutofaulu kwa Mwandishi

Kwa miaka 22 nilifundisha fasihi ya Kiswahili katika shule za sekondari, na katika miaka hiyo yote sikumbuki hata siku moja niliyowahi kuwaambia wanafunzi kwamba kitabu fulani kilinichosha, au kwamba kingine kilininyima usingizi. Uhakiki tuliousomesha ulikuwa na njia yake iliyonyooka: fani, maudhui, dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, na mwishoni kabisa kile kichwa cha habari ambacho kila aliyepita Kidato cha Nne nchini Tanzania anakikumbuka, yaani kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Chini ya kufaulu tuliandika kwamba mwandishi amefaulu kuielimisha jamii kuhusu matatizo yanayoikabili. Chini ya kutofaulu tuliandika kwamba hakutoa suluhisho la matatizo aliyoyaibua. Noti hizo nilizirithi kwa mwalimu aliyenitangulia, naye nadhani alizirithi kwa mwingine, na hapakuwa na mwandishi hata mmoja aliyetoka mikononi mwetu akiwa amefaulu zaidi ya hapo, wala aliyeshindwa kwa namna nyingine.

Kilichonitoa katika njia hiyo ni macho ya mama mkwe wangu. Anaishi Nansio, Ukerewe, na mwaka juzi mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, kiasi kwamba Biblia yake ya Kiswahili, aliyoisoma kila jioni tangu nilipoolewa katika nyumba ile, ilikuwa imelala juu ya kabati bila kufunguliwa. Tulikuwa tukisubiri zamu yake ya kufanyiwa upasuaji, na sisi tunaoishi Mwanza tulipeana zamu ya kwenda kukaa naye. Mimi nilikuwa nimeacha kazi karibuni, kwa hiyo zamu yangu ilikuwa ndefu kuliko za wengine. Usiku wa pili nilipochukua Biblia ili nimsomee, alinizuia.

"Hiyo nimeshasomewa na kila anayekuja," alisema. "Wewe ni mwalimu wa vitabu, mwanangu. Huna kitabu kingine?"

Nilikuwa nacho. Mkobani nilikuwa nimetia nakala ya kivuli ya riwaya ya Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, ambayo nimeimiliki kwa miaka tisa bila kuimaliza. Nadhani niliibeba kwa sababu ile ile inayomfanya mtu abebe mwavuli siku ya jua. Nikiwa mwalimu nilijua habari zake zote za nje. Nilijua kwamba Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, kwamba alimaliza kuiandika mwaka 1945 kwa Kikerewe ili lugha na desturi za wazee wake zisipotee, na kwamba alipokosa mchapishaji wa lugha yenye wasomaji wachache namna ile, aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee. Nilijua pia kwamba Tanzania Publishing House waliitoa katika vitabu viwili mwaka 1980, na kwamba mwandishi alifariki mwaka uliofuata. Ningeulizwa kwenye mtihani ningepata alama zote, ila kitabu chenyewe nilikuwa nimekisoma kurasa zisizozidi 60.

Hadithi inaanza na ndoa isiyo na mtoto. Ndugu wa mume wanamsema vibaya Bugonoka kwa ajili ya utasa, wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao, na Myombekere, badala ya kutafuta mke mwingine kama ambavyo wengi wangefanya, anakwenda kumwomba arudi. Wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Tulikuwa tumefika hapo kufikia jioni ya tatu. Jioni ya nne nilikuwa nimechoka kwa sababu nilishinda juani nikianika dagaa pamoja na jirani, na nilipoona kwamba mwandishi ameanza kueleza pombe inavyotengenezwa, hatua kwa hatua, nilifunua kurasa kadhaa kimyakimya nikaendelea pale pombe inapopelekwa ukweni. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi darasani. Tuliita kuokoa muda wa vipindi.

Mama mkwe alisikiliza kidogo, kisha akainua mkono.

"Hiyo pombe wanayokunywa imetoka wapi?"

"Myombekere ameileta, mama."

"Ameileta, nimesikia. Lakini sijasikia ndizi zikivundikwa, wala hazijakamuliwa, wala mtama haujatiwa. Jana mtu huyu hakuwa na mke wala msaidizi, leo ana mitungi. Sasa mimi nitajuaje kama alihangaika?"

Nilirudi nyuma nikasoma kurasa zote nilizoziruka, na ilituchukua jioni mbili. Katika noti zangu sehemu ile ingeingia chini ya "mila na desturi", mstari mmoja, pamoja na ngoma na matambiko. Mama mkwe, ambaye elimu yake iliishia darasa la nne, alikuwa ameisikia kama sehemu ya mapenzi ya watu wawili: mwanamume asiye na mke nyumbani anafanya kazi ambayo haifanyiki bila mikono mingi, anawategemea majirani kwa kila hatua, na urefu wa maelezo ndio urefu wa taabu yake. Kitereza hasemi popote kwamba Myombekere anampenda sana mkewe. Anatuandikia habari ya ndizi.

Sitaki kudai kwamba tangu siku ile nilikipenda kila kitu ndani ya kitabu hicho. Kitabu cha pili, ambacho mtoto Ntulanalwo anakua na mambo ya ukoo yanaongezeka, kilinichosha, na ushahidi wangu si mdogo, maana jioni mbili mfululizo mama mkwe alisinzia nami nikaendelea kusoma peke yangu kwa sauti kama mlinzi wa usiku. Kuna mahali mwandishi anasahau kwamba anasimulia na kuanza kuhifadhi tu, na msomaji anahisi amewekwa ghalani pamoja na vile vinavyohifadhiwa. Naamini ndivyo hivyo hata baada ya kukisoma tena. Lakini huo ni uchovu wangu mwenyewe, naweza kuonyesha ulipoanzia na ulipoishia, nao hauna uhusiano wowote na kutotoa suluhisho.

Jambo jingine alilonifunza lilihusu majina. Mimi ni mtu wa Singida; Kikerewe changu hakizidi salamu. Kwangu Ntulanalwo lilikuwa jina la mhusika tu, gumu kidogo kulitamka, na nililisoma hivyo kwa siku kadhaa hadi aliponiuliza kama ninajua ninachokisema. Jina hilo, alinieleza, ni la mtu anayesema kwamba siku zote yuko nacho, na hicho alicho nacho ni kifo. Bulihwali naye anauliza mateso yatakwisha lini. Akanitajia ndugu zake wawili walioitwa kwa mtindo huo huo, kwa sababu walizaliwa baada ya wengine waliofariki wachanga. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba Kitereza na mkewe walizika watoto wao wote wangali wadogo, na nilikuwa nikiitaja habari hiyo darasani kama sehemu ya "historia fupi ya mwandishi". Haikuwahi kunijia kwamba mtu yule aliketi Ukerewe akawaandikia Myombekere na Bugonoka watoto wawili waliopona, na bado akawapa majina ya wasiopona. Tulikaa kimya usiku ule, na sikumaliza sura.

Niliporudi Mwanza nilikuwa na hamu ya kusema. Tuko watu 6 tunaokutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi kwenye baraza ya rafiki yetu mmoja, mhasibu wa kiwanda cha samaki. Wengine ni walimu, muuguzi mmoja, na binti mmoja anayeuza vifaa vya simu mjini. Kila mmoja anakuja na kitabu alichokisoma na kueleza maoni yake. Zamu yangu ilipofika nilisimama, jambo ambalo hakuna mwingine hulifanya, nikazungumza kwa dakika 20. Nilisema kwamba mwandishi amefaulu kuhifadhi utamaduni wa Wakerewe. Nilisema kwamba dhamira kuu ni ndoa na uvumilivu. Nilikuwa nikijisikia ninavyozungumza na sikuweza kujizuia, kama mtu aliyepanda gari lisilo na breki kwenye mteremko wa Bugando. Nilipokaa, yule binti muuza vifaa vya simu aliniuliza kwa heshima kabisa: "Mwalimu, wewe binafsi ulikipenda?"

Nikajibu kwamba ni kitabu muhimu sana. Hakuniuliza tena.

Niliona haya njia nzima ya kurudi nyumbani. Habari ya ndizi sikuisema, wala ya majina. Nilikuwa na maoni mawili ya kweli maishani mwangu kuhusu kitabu kimoja, nayo yote mawili niliyaacha Nansio kwa sababu hayakuwa na kichwa cha habari cha kuyaweka chini yake. Mwezi uliofuata niliomba ruhusa ya kurudia, nikasoma zile kurasa za pombe kwa sauti, nikasimulia swali la mama mkwe, na mazungumzo yakaenda hadi magharibi. Muuguzi alitueleza jinsi wanawake wasiopata watoto wanavyokuja kliniki na mashemeji zao badala ya waume zao. Mhasibu, ambaye kwa kawaida huzungumza kwa tarakimu, alitukumbusha kwamba Gabriel Ruhumbika, naye mtoto wa Ukerewe na mwandishi wa riwaya za Kiswahili, alikifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza kutoka kwenye Kikerewe chenyewe, tafsiri iliyotoka mwaka 2002, na akauliza inawezekanaje kisiwa kimoja kikatoa waandishi wa namna ile huku sisi wa Mwanza mjini tukishindana kwa hoteli.

Swali hilo ndilo lililotupeleka kwa Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, aliyefariki Januari 2020. Tulikubaliana kusoma *Rosa Mistika*, riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1971. Nilidhani mkutano ule ungekuwa mwepesi kwangu. Riwaya hiyo niliisoma kwa kujificha nikiwa msichana, kwa sababu tulijua kwamba wakati fulani ilikuwa imepigwa marufuku mashuleni, na nikiwa mwalimu niliitumia kama kitabu cha ziada. Kisa chake wasomaji wengi wanakijua: Zakaria, baba mlevi na mkali, anampiga bintiye Rosa kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana, Rosa anakua akiwaogopa wanaume, kisha anapopata uhuru chuoni anapotea kabisa, na mwishoni Charles, mchumba aliyetaka kumwoa, anamkataa anapojua kwamba si bikira, naye Rosa anajiua.

Mwalimu mwenzetu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alianza kwa kusema kwamba Rosa alijitakia. Malezi mabaya yapo, alisema, lakini kuna mabinti wengi waliopigwa na baba zao na hawakufanya aliyoyafanya Rosa. Charles kwake alikuwa mtu mwenye msimamo. Nilifungua kinywa kumpinga, na ndipo nilipogundua kwamba sina haki ya kumpinga, kwa kuwa maneno yake yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeandika ubaoni, mwaka baada ya mwaka: "Ujumbe: wasichana wajitunze na kuepuka tamaa."

Mwaka 2009 msichana mmoja wa darasa langu alikutwa na mimba wakati wa upimaji wa katikati ya muhula. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, kama ilivyokuwa kawaida wakati ule. Wiki iliyofuata kipindi changu kilikuwa cha *Rosa Mistika*, na niliendelea na noti pale tulipokuwa tumeishia. Dawati lake lilikuwa tupu karibu na dirisha. Nakumbuka niliwaambia wasichana waliobaki kwamba wamejionea kwa macho yao mfano ulio hai. Hakuna aliyeuliza habari za mwanamume, nami sikuwafundisha kuuliza, ingawa kitabu chenyewe kinafanya kazi hiyo kwa ukali mkubwa: kinaanza na kosa la baba na kinafika mwisho kwa unafiki wa mchumba, na katikati ya watu hao wawili msichana anapita kama barua wanayopokezana. Ruhusa ya wasichana waliojifungua kurudi shuleni ilipotangazwa na Serikali, Novemba 2021, mwanafunzi wangu alikuwa mama mwenye mtoto anayekaribia kumaliza darasa la saba. Ninajua kwa sababu nilikutana naye sokoni Kirumba, akanisalimia "Shikamoo mwalimu" kwa furaha ambayo sikuistahili.

Niliwasimulia wenzangu hayo yote pale barazani. Yalikuwa maoni yangu kuhusu kitabu, na sikuwa na namna nyingine ya kuyatoa. Mwalimu mwenzangu hakubadilisha msimamo wake, na sikumtaka aubadilishe papo hapo. Alisema tu kwamba yeye pia amefukuzisha. Muuguzi alisema kwamba anakasirishwa na kifo cha Rosa, kwamba Kezilahabi alikuwa kijana na vijana hupenda kuwaua wahusika wao, na kwamba angependa kuona Rosa anazeeka. Hilo nimelifikiria sana. Ni lawama kwa mwandishi ambayo haimo katika noti zozote, na nadhani ina ukweli, ijapokuwa kama Rosa angeachwa azeeke, sisi tungekuwa tumepata nafasi ya kumsamehe Charles.

Binti muuza vifaa vya simu hakusema neno siku ile, na mwezi uliofuata hakuja. Alirudi mwezi wa tatu. Hatukumuuliza, lakini tangu hapo tumekuwa waangalifu zaidi tunapomhukumu mhusika kwa sauti kubwa, kwa kuwa hatujui nani miongoni mwetu anahukumiwa pamoja naye.

*Nagona*, ambayo Kezilahabi aliitoa mwaka 1990, haitanichukua maneno mengi. Ni kitabu chembamba, na nimekisoma mara mbili, na sikukielewa. Nilitamka hivyo barazani, kwa maneno hayo hayo, mimi mwenye cheti cha kufundisha fasihi, na paa la baraza halikuanguka. Mhasibu alisema kwamba yeye alikisoma kama mtu anavyosimuliwa ndoto, bila kuuliza njia inakwenda wapi, na akakifurahia. Namwonea wivu. Nitajaribu mara ya tatu, ila sitaki kujifanya kwamba ukimya wangu mbele ya kitabu hicho ni heshima. Sehemu kubwa yake ni kupotea.

Mama mkwe alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza Machi mwaka huu, na sasa anaweza kusoma herufi kubwa. Hata hivyo nilipokwenda mwezi uliopita aliniambia kwamba kusomewa hakuhusiani na macho, akauliza nimeleta nini. Nilisita kidogo kabla ya kumtolea *Rosa Mistika*. Namagondo anaifahamu, ana jamaa huko. Tulianza jioni hiyo hiyo, naye akawa anacheka pale anapoyatambua mambo ya kisiwani kwao, na kunikatiza kunieleza ni njia ipi inayozungumzwa.

Tulipofika pale Zakaria anapoiona barua na kuanza kumpiga binti yake, aliniambia: "Ruka hapo."

Niliangalia usoni kwake, kisha nikafunua kurasa mpaka kipigo kilipokwisha, nikaendelea. Hakuuliza lolote hadi tulipozima taa. Kesho yake jioni, kabla sijafungua, alivuta kigoda chake karibu na taa, akajitanda kanga vizuri mabegani, akasema, "Rudi pale tuliporuka."

Nikarudi, nikasoma.